Mikataba mitatu ya nyuklia: mtu wa Unguja na Pemba aanze na upi?

Kikundi cha vijana, jumuiya ya mazingira au klabu ya mdahalo ya skuli ikitaka kushughulikia silaha za nyuklia, hukutana kwanza na rundo la mikataba. Watu wenyewe ni wachache, wana kazi zao na mitihani yao, na anayejaribu kuishika yote huishia kuijua majina tu. Hapa nalinganisha mitatu ambayo nchi yetu imeweka mkono wake: Mkataba wa Kutoeneza Silaha za Nyuklia wa 1968, Mkataba wa Pelindaba wa 1996 unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo, na Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia wa 2017. Mikataba ya Marekani na Urusi wenyewe kwa wenyewe nimeiacha kando. Huko hatuna kiti, na ule wa mwisho, uliozuia kila upande usizidishe vichwa 1,550 vilivyowekwa tayari kurushwa, ulikwisha muda wake tarehe 5 Februari 2026. Dunia ina vichwa vya nyuklia takribani 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni vya nchi hizo mbili. Wenye silaha nyingi wakishakuwa hawana mkataba baina yao, hii ambayo na sisi tumo inazidi kuwa na kazi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu wa visiwani mwenye nafasi ya kushika mkataba mmoja tu, naona ashike Pelindaba. Wapo wa kushika mwengine, na nitasema ni nani. Nimeipima yote mitatu kwa maswali ambayo mtu aliyezungukwa na bahari hawezi kuyakwepa: mkataba unamfunga nani, unasema nini juu ya maji yetu, na nani anakwenda kuangalia kama ahadi imetimizwa.

Zanzibar na nyuklia, wapi na wapi?

Swali hili huulizwa kila suala hili linapotajwa barazani, na linastahili jibu. Mwaka 1960 Marekani ilijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga za juu vya mradi wa Mercury, na mitambo yake ikawekwa Tunguu na Chwaka. Kilikuwa kituo cha mawasiliano, hakikuwa na kombora hata moja. Hata hivyo watu waliandamana kukipinga, wakiamini kisiwa kimegeuzwa uwanja wa roketi na kitakuwa shabaha siku wakubwa watakapopigana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa, na haukupita mwaka. Wazee wale walikosea juu ya mitambo yenyewe, lakini walichokuwa wakikidai kilikuwa haki yao: kuambiwa ni kitu gani kimewekwa katika ardhi yao na kwa makubaliano ya nani.

Kisha, tarehe 16 Desemba 1971, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa ukanda wa amani. Waliolisukuma ni Sri Lanka pamoja na Tanzania, na balozi wetu New York wakati huo alikuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar. Robo karne baadaye Pelindaba ilipotiwa saini, ni yeye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kwa hiyo anayedhani mambo haya ni ya watu wa mbali ajue kwamba kiti cha mbele kimewahi kukaliwa na mtu wa hapa.

Mkataba wa Kutoeneza: mkubwa, wenye wakaguzi, na wenye deni

Huu ndio mama wa mikataba yote ya nyuklia. Ulianza kutumika tarehe 5 Machi 1970, na mwaka 1995 ukafanywa wa kudumu. Wanachama wake ni 191. India, Pakistan na Israel hazijawahi kuingia, na Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003 na baadaye ikalipua mabomu yake. Tanzania ilijiunga mwaka 1991.

Makubaliano yake ni ya kubadilishana. Nchi tano zilizokuwa zimeshalipua bomu kabla ya 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, zinatambuliwa kuwa na silaha. Wengine wote wanaahidi kutozitafuta. Kama malipo, ibara ya 4 inawapa haki ya kufaidi nyuklia ya amani, na ibara ya 6 inawataka wote, wakiwemo wale watano, wafanye mazungumzo ya nia njema ya kuachana na silaha hizo.

Upande wa nyuklia ya amani Unguja tuna ushahidi wetu, na nasikitika kwamba vijana wengi hawaujui. Mbung'o walikuwa wakieneza ugonjwa wa nagana katika ng'ombe wa kisiwa hiki, hasa kandokando ya msitu wa Jozani. Dawa na mitego iliwapunguza, haikuwamaliza. Kati ya 1994 na 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walizalishwa kwa wingi Tanga, madume yakapigwa mionzi ya kuyafanya tasa, kisha yakamwagwa Unguja kwa ndege. Zaidi ya madume milioni 8 yaliachiwa. Jike la mwituni likipandwa na dume tasa halipati kizazi, na idadi ikawa inashuka hadi kukatika. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Mfugaji wa Kusini anayekamua maziwa leo amefaidika na sayansi ya nyuklia, awe anajua au hajui. Upande wa hospitali, wagonjwa wetu wa saratani wamekuwa wakivuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kupata tiba ya mionzi, na taasisi hiyo nayo imekuwa ikisaidiwa na shirika hilohilo.

Faida ya pili ni wakaguzi. Katika mikataba hii mitatu, Kutoeneza ndio unaotegemea watu wanaobeba vifaa, wakaingia kiwandani, wakapima, wakahesabu madini na kuandika ripoti. Wakaguzi hao ni wa Shirika hilo la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, lililoundwa mwaka 1957, na mkataba ukalipa kazi ya kukagua nchi zote zisizo na silaha. Tanzania ina urani Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, na hesabu za madini hayo zikianza kuwa kubwa, wanaotazamiwa kuziangalia kwa niaba ya dunia ni hao. Anayejali mchanga ule unakokwenda baada ya kuchimbwa asiupite mkataba huu.

Sasa deni. Ibara ya 6 imekaa zaidi ya nusu karne na watano wale bado wana silaha, na kila mmoja yupo katika kuzifanya za kisasa zaidi. Mikutano ya mapitio ya 2015 na 2022 ilimalizika bila tamko la pamoja. Waliojaribu kulidai deni hilo mahakamani ni watu wa visiwa, na kisa chao naona kila mwanafunzi wa sheria wa Zanzibar angefaa kukisoma. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall, likiwemo lile la tarehe 1 Machi 1954 pale Bikini, lenye nguvu ya megatoni 15, ambalo majivu yake yaliwaangukia watu wa visiwa jirani. Mwaka 2014 nchi hiyo ndogo iliyashtaki mataifa yote tisa yenye silaha. Kesi zilizoweza kuendelea zilikuwa tatu, dhidi ya Uingereza, India na Pakistan, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimekubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Oktoba 2016 mahakama ikazitupa ikisema wakati wa kufungua kesi hapakuwa na mgogoro wa kisheria baina ya pande hizo. Ile ya Uingereza majaji waligawana nane kwa nane, na kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Watu waliodondokewa na majivu ya bomu waliambiwa hawana mgogoro. Sijaweza kulisoma hilo kwa utulivu.

Na juu ya bahari? Kutoeneza hauna neno. Hautaji manowari, hautaji nyambizi, hautaji taka zinazotupwa majini. Ukiwa mtu wa bara labda hutaliona pengo hilo haraka. Ukiwa Mkoani au Nungwi, bahari ndiyo uwanja wa mbele wa nyumba.

Pelindaba: ulioandikwa na sisi

Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, na hadi 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika nchi hiyo, mengine yakifanyika baada ya Algeria kupata uhuru. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwaka 1964 walitangaza kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Tangazo likakaa miaka thelathini bila kuwa mkataba, sababu kubwa ikiwa ni Afrika Kusini ya makaburu, iliyokuwa ikitengeneza mabomu kwa siri. Ilitengeneza sita. Ikayavunja yenyewe, na Machi 1993 Rais de Klerk akalieleza bunge. Ndiyo nchi pekee iliyowahi kuunda silaha hizi kwa mikono yake na kisha kuziacha zote. Mkataba ulipoandikwa ukapewa jina la Pelindaba, kituo cha nyuklia karibu na Pretoria ambako kazi ya nyuklia ya nchi hiyo ilikuwa ikifanywa.

Ulifunguliwa kwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, Tanzania ikatia saini siku hiyohiyo na kuridhia mwaka 1998. Ulihitaji nchi 28 kuridhia, na ikachukua miaka kumi na tatu: ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Uzito huo wa kuridhia ni aibu yetu Waafrika, hauna wa nje wa kulaumiwa.

Kinachonifanya niuweke mbele ni mipaka yake. Eneo linalolindwa ni bara pamoja na visiwa vya Afrika, na linahesabiwa pamoja na maji ya ndani, maili 12 za baharini kutoka ufukweni, anga iliyo juu yake, na hata sakafu ya bahari na kilichomo chini yake. Mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani yamo. Madago ya wavuvi wa Kojani yaliyo karibu na pwani yamo. Katika eneo hilo nchi mwanachama haiwezi kuunda, kumiliki wala kujaribu silaha ya nyuklia, na haiwezi kumruhusu mgeni aiweke kwake.

Ibara ya 7 inakataza kutupa taka zenye mionzi popote katika eneo, na kumsaidia yeyote anayetaka kuzitupa. Hii haikutoka hewani. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamelundikwa katika mji mdogo wa bandari wa Koko, Nigeria, kwenye uwanja wa mtu aliyelipwa kodi ya fedha kidogo. Afrika ilishtuka, na hofu ya kugeuzwa jaa ikaingia katika sheria. Tunaposikia kila siku juu ya uchumi wa buluu, ibara ya 7 inatakiwa itajwe katika pumzi hiyohiyo. Uvumi wa mionzi ukiingia katika soko, mwani na pweza huacha kununuliwa kabla hata maabara haijatoa jibu. Wanaosafirisha vyakula nje wanakijua cheti cha vipimo cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na cheti hicho kinakuwa na thamani pale tu ambapo bahari yenyewe imebaki safi.

Ibara ya 11 inakataza kushambulia mitambo ya nyuklia iliyo katika eneo. Kwa wanaojali usalama wa umeme wa nyuklia, hapa Pelindaba inatangulia mbele ya wenzake wote wawili. Afrika ina kituo kimoja tu kinachozalisha umeme huo, Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza mwaka 1984, na Misri inajenga chake El Dabaa. Tangu Machi 2022 dunia imeshuhudia kituo cha Zaporizhzhia cha Ukraine kikiwa ndani ya vita, umeme wa kupozea vinu ukikatika mara kwa mara. Kinu kilichozimwa kinaendelea kutoa joto, na kisipopozwa mafuta yake huyeyuka, kama ilivyokuwa Fukushima mwaka 2011 pale tsunami ilipozima jenereta. Ikiwa nchi za Afrika Mashariki zitajenga vinu siku moja, na mazungumzo hayo yapo, kifungu cha kukataza kuvishambulia kimeshaandikwa na kinatusubiri.

Mlango uliobaki wazi bandarini

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watetezi wengi wa Pelindaba hupapita juujuu. Ibara ya 4 inakataza kuweka silaha, lakini inaiachia kila nchi uhuru wa kuamua kama itaruhusu meli na ndege za kigeni zitembelee bandari na viwanja vyake, au zipite katika maji yake. Maana yake, manowari yenye silaha za nyuklia ikiomba kutia nanga, mkataba hausemi ndiyo wala hapana. Unasema: mwenye nyumba aamue.

New Zealand iliamua. Mwaka 1985 iliikataa manowari ya Kimarekani USS Buchanan kwa kuwa Marekani haikuwa tayari kusema kama ina silaha za nyuklia au haina. Sera ya Marekani ni kutothibitisha na kutokanusha. Marekani ilikasirika na kusimamisha wajibu wake wa ulinzi kwa New Zealand. Mwaka 1987 bunge la New Zealand likaigeuza sera yake ya kukataa meli zenye silaha hizo kuwa sheria, ambayo inazuia pia meli zinazoendeshwa kwa kinu cha nyuklia. New Zealand haikuzama.

Haki itendeke: tangu mwaka 1991 Marekani iliziondoa silaha ndogo za nyuklia katika meli zake za juu ya maji, kwa hiyo hatari ya manowari ya kawaida kuja na bomu imepungua sana ikilinganishwa na miaka ya 1980. Kinachobaki ni nyambizi, na meli za kubeba ndege zinazoendeshwa kwa vinu. Kinu cha meli ni kinu, kinaweza kupata ajali kama vingine, na Pelindaba haivitaji vya aina hiyo. Nje ya zile maili 12 bahari ni huru, na nyambizi yoyote inaweza kupita chini ya maji mvuvi asijue.

Udhaifu wa pili umo katika itifaki. Mkataba una viambatisho ambavyo wenye silaha wanatakiwa kuvitia saini, wakiahidi kutoitumia wala kuitishia silaha ya nyuklia dhidi ya wanachama, na kutofanya majaribio hapa. Uingereza, Ufaransa, China na Urusi zimeridhia. Marekani ilitia saini mwaka 1996 na haijaridhia. Suala la Diego Garcia, kisiwa cha Chagos katika Bahari ya Hindi, nalo limo humohumo. Visiwa vya Chagos vimo katika ramani ya eneo, na Uingereza ikasema wazi kwamba haikubali vihesabiwe humo bila ridhaa yake. Watu wa Chagos walihamishwa ili kituo cha kijeshi cha Marekani kijengwe. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini makubaliano ya kuirudishia Mauritius mamlaka ya visiwa hivyo, kituo kikiachwa kwa miaka 99. Kama Mauritius, mwanachama wa Pelindaba, atakuwa mwenye visiwa huku kituo kipo, swali la kilichomo ndani ya kituo hicho linakuwa swali la Afrika. Kwetu tunaoishi katika bahari hiyohiyo, sioni suala la nyuklia lililo karibu kuliko hilo.

Wa kukagua, Pelindaba ina kamisheni yake yenye makao Afrika Kusini. Kamisheni hiyo ni changa, na kazi ya ukaguzi wenyewe inaegemea wakaguzi wa Vienna. Hapo Kutoeneza unaishinda waziwazi.

Mkataba wa Marufuku: wenye sauti, usio na wenye mabomu

Ulipitishwa Umoja wa Mataifa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, ukaanza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Unakataza kila kitu: kuunda, kumiliki, kutumia, kujaribu, kuweka kwa mwengine, hata kutishia. Hakuna daraja la kwanza na la pili kama katika Kutoeneza. Majirani zetu wa Komoro na Shelisheli wameridhia. Tanzania ilitia saini Septemba 2019, na saini bila kuridhia haifungi.

Uzuri wake umo katika ibara ya 6 na ya 7, zinazozungumzia watu walioumizwa na ardhi iliyochafuliwa. Mikataba mingine huzungumza juu ya serikali na shehena. Huu unawataja walionusurika Hiroshima na Nagasaki katika utangulizi wake, na unawataja viongozi wa dini. Khatibu wa Ijumaa anayetaka kueleza kwa nini kuua watu wasiopigana, wazee na watoto ni dhuluma, atapata mkono hapa kuliko kwengine kokote, na vivyo hivyo padri. Kwa kazi ya kuamsha watu, sijaona mkataba unaosomeka vizuri zaidi.

Kasoro zake lakini nazitaja bila kuzipunguza. Katika nchi tisa zenye silaha hakuna hata moja iliyoingia. Mzigo wa kwanza wa kuwatunza waathirika umewekwa juu ya nchi wanayoishi, na aliyewalipua, akiwa nje ya mkataba, haguswi. Chombo cha kusimamia uvunjaji wa silaha kimeachwa kiteuliwe siku itakapohitajika. Juu ya meli inayopita na silaha, hata mkataba huu haukuandika katazo la wazi. Kwa hiyo anayedhani kuridhia Marufuku kutafunga mlango wa bandari ambao Pelindaba imeuacha, atakuta mlango uleule.

Kuna mkataba wa nne niliotamani kuuweka, wa kukomesha majaribio yote, wa 1996. Tanzania iliridhia mwaka 2004, lakini haujaanza kutumika kwa kuwa nchi zenye uzito bado zimeusimamisha. Mtambo wake wa kunusa mionzi hewani upo Dar es Salaam na unafanya kazi, jambo ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulitumia darasani.

Nani ashike upi

Mwanafunzi wa afya, mifugo au madini, na yeyote anayefuatilia urani ya Namtumbo, asome Kutoeneza na makubaliano ya ukaguzi yanayoambatana nao. Huko ndiko kuna vipimo na vifaa, na ndiko kijana wa Zanzibar anaweza kupata ajira ya maana. Klabu ya mdahalo yenye muda wa kipindi kimoja, au jumuiya ya dini, ichukue Marufuku: unaeleweka haraka, unagusa dhamiri, na una dai moja jepesi kulitamka, yaani Bunge liridhie.

Jumuiya za pwani, wakulima wa mwani, wavuvi, wanaotetea mazingira na wanasheria vijana nawaomba washike Pelindaba, kwa sababu huo tayari unatufunga. Hakuna wa kumbembeleza aingie. Kilichobaki ni kuuliza maswali ambayo serikali, kwa saini yake yenyewe, ina wajibu wa kuyajibu.

Mahali pa kuuliza pana utata kidogo. Mambo ya nje, ulinzi, na hata bandari vimo katika orodha ya mambo ya Muungano, ingawa bandari zetu zinaendeshwa na shirika la hapa hapa Zanzibar. Kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, chini ya ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo wa kufuatwa ni mbunge wa jimbo, anayekwenda Dodoma, pamoja na mwakilishi, anayekaa Chukwani, ambaye anaweza kulifikisha suala la bahari na uvuvi kwa mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi. Akifuatwa mmoja tu, ni rahisi kila upande kusema si lake.

Barua iwe fupi na iulize mambo matatu. Manowari ya kigeni inapoomba kutia nanga Zanzibar, nani anauliza kama ina kinu au silaha ya nyuklia, na jibu linawekwa wapi? Nani anapima mionzi katika maji na samaki wa Unguja na Pemba, mara ngapi, na matokeo yanatangazwa kwa nani? Na Tanzania imesimama wapi juu ya Diego Garcia ndani ya mkataba wa Pelindaba? Ibara ya 4, ya 7, na ile ramani ya kiambatisho cha kwanza zitajwe kwa namba zake. Barua isainiwe na watu wa shehia zaidi ya moja, wa Unguja na wa Pemba, na nakala ibaki kwa katibu wa jumuiya, yenye muhuri wa tarehe iliyopokelewa.